Kompyuta Inapogoma Kuwaka Baada ya Kuwekewa Kifaa Kipya

Umefungua kasha la kompyuta, ukapachika RAM mpya au kadi mpya ya michoro, ukarudisha mfuniko na kubonyeza kitufe. Na mashine iliyokuwa ikifanya kazi vizuri saa moja tu iliyopita haitoi dalili yoyote ya uhai, au inaunguruma bila kuonyesha kitu kwenye skrini. Moyo hushtuka, na wazo la kwanza huwa ni kwamba kuna kitu kimeungua. Mara nyingi hakuna kilichoungua. Kilichopo ni plagi ambayo haikuingia hadi mwisho, kifaa kisichoendana na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), au mipangilio ya BIOS, yaani programu ndogo ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, ambayo bado inakitarajia kifaa cha zamani, na mengi ya hayo hurekebishika nyumbani kwa bisibisi moja na subira ya kutosha.

Mtu ambaye kompyuta yake imegoma mara tu baada ya kubadilishwa kifaa ana nafuu ambayo mwenye kompyuta iliyokufa yenyewe hana: anajua ilikuwa nzima lini, na anajua ni nini kimeguswa tangu wakati huo. Kazi yote ya kutafuta tatizo ni kuitumia nafuu hiyo bila kuipoteza. Hupotea pale mtu anapobadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kwa sababu hata kompyuta ikiwaka hatajua ni kipi kilichoiponya, na isipowaka atakuwa ameongeza makosa mapya juu ya lile la awali. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kilichotokea, kisha nenda kwa kingine.

Maelezo haya yanahusu zaidi kompyuta za mezani, ambazo vifaa vyake hutolewa na kurudishwa kwa urahisi. Laptop nimeigusa kwa ufupi baadaye.

Kabla ya kuingiza mkono ndani

Zima swichi iliyo nyuma ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki kwenye kapasita za mazabodi uishe. Gusa chuma cha kasha mahali pasipopakwa rangi kabla ya kushika kifaa chochote, na urudie kila unapoondoka na kurejea, maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuua kifaa bila wewe kuhisi lolote. Usifanyie kazi hii juu ya zulia. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe: kapasita zake huhifadhi umeme wa kutosha kumdhuru mtu hata baada ya waya kuchomolewa, na ndani yake hakuna kitu cha kutengenezwa na mtu asiye fundi wa umeme.

Piga picha kadhaa za ndani ya kasha kwa simu kabla ya kugusa lolote. Picha hizo zitakuokoa utakapotaka kujua waya fulani ulikuwa umeingia wapi.

Neno “haiwaki” lina maana nyingi

Fundi akiambiwa kwamba kompyuta haiwaki, swali lake la kwanza huwa ni inafika wapi, na ni swali unalopaswa kujiuliza mwenyewe, kwa sababu kila mahali inapokwamia panaelekeza kwenye vifaa tofauti. Kompyuta isiyowasha taa wala kuzungusha feni ina tatizo la umeme au la kitufe. Ile inayozungusha feni kwa sekunde moja au mbili kisha ikajizima, na pengine kujirudia hivyo, ama imepiga shoti mahali, ama pawa saplai inajilinda, ama prosesa haipati umeme wake. Ile inayozungusha feni mfululizo huku skrini ikiwa nyeusi inakwama kwenye RAM, prosesa au kadi ya michoro. Na ile inayoonyesha nembo ya mazabodi au maandishi kisha ikadai kwamba haioni diski imekwisha kuwaka kabisa. Kinachoikwamisha ni diski au mipangilio, na hakuna sababu ya kuanza kuchomoa RAM.

Kaa kimya, bonyeza kitufe, tazama na usikilize kwa nusu dakika. Andika ulichokiona.

Rudi ulikotoka

Jaribio la kwanza ni kuondoa kifaa kipya na kurudisha cha zamani, kama bado unacho. Kompyuta ikiwaka, tatizo liko kwenye kifaa kipya chenyewe, namna ulivyokipachika, au kutoendana kwake na vifaa vingine. Isipowaka, kuna kitu kingine kilichoguswa wakati wa kazi, na hapa ndipo watu wengi hupotea njia, kwa kuwa akili hukataa kukiacha kifaa kipya kama mshukiwa.

Hilo lilinikuta mimi mwenyewe. Niliongeza RAM, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Nilirudisha RAM ya zamani na hali ikawa ileile, lakini bado nilikesha nikibadilisha nafasi za RAM na kufuta pini zake, nikiamini kwamba nimeharibu sloti. Asubuhi, mwanga wa dirishani ulipoangukia ndani ya kasha, niliona plagi ya umeme wa prosesa kwenye kona ya juu ya mazabodi imeinuka upande mmoja, kiasi cha milimita mbili. Nilikuwa nimeisukuma kwa kifundo cha mkono wakati wa kubana RAM. Niliikandamiza hadi klipu ikalia, na kompyuta ikawaka. Tangu siku hiyo kila ninapofunga kasha hupitisha kidole juu ya kila plagi, moja baada ya nyingine, hata zile ambazo nina hakika sikuzigusa, na ningemwomba kila msomaji afanye hivyo kabla ya kujaribu jambo lingine lolote lililoandikwa hapa.

Hakuna taa, hakuna feni

Anza na yaliyo wazi: soketi ya ukutani ina umeme, waya umeingia barabara nyuma ya pawa saplai, na swichi yake imelazwa upande wenye alama ya I, wala si O. Kisha tazama plagi kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi. Plagi hii ni ngumu, na watu huogopa kuikandamiza kwa sababu mazabodi hupinda kidogo. Ishikilie mazabodi kwa chini kwa vidole, kisha kandamiza hadi klipu ishike. Mazabodi nyingi zina taa ndogo inayowaka mara tu umeme unapoingia, hata kabla ya kubonyeza kitufe. Taa hiyo ikiwaka, pawa saplai inatoa angalau ile volti 5 ya kusubiri, na mshukiwa anayefuata ni kitufe.

Waya mbili za kitufe cha mbele ya kasha hukaa kwenye pini mbili nyembamba pembeni mwa mazabodi, na hung’oka kwa kuguswa kidogo tu. Tafuta kwenye kijitabu cha mazabodi ni pini zipi, ondoa waya hizo, kisha gusisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa muda mfupi tu, wakati umeme umewashwa. Volti zilizopo hapo ni ndogo na hazidhuru. Kompyuta ikiwaka, tatizo ni kitufe au waya zake.

Isipowaka, pawa saplai inaweza kujaribiwa peke yake. Chomoa plagi zake zote kwenye mazabodi na vifaa vingine, unganisha feni moja kama mzigo mdogo, kisha, waya wa ukutani ukiwa umechomolewa, tia kipande cha waya kati ya tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi jirani yake kwenye plagi ya pini 24. Chomeka ukutani na uwashe swichi ya nyuma. Feni uliyoiunganisha ikizunguka, pawa saplai inaamka. Jaribio hili linathibitisha kuamka tu, halithibitishi kwamba inaweza kubeba mzigo wa kompyuta nzima. Tena usiitegemee feni ya pawa saplai yenyewe kama ushahidi, kwani baadhi yake haizunguki mpaka joto lipande. Ikiwa waya zote za pawa saplai yako ni nyeusi, tumia mchoro wa mtengenezaji, wala usibahatishe.

Kebo za pawa saplai

Jambo hili nalitenga peke yake kwa kuwa ndilo linaloua vifaa kwelikweli. Pawa saplai nyingi za sasa zina kebo zinazochomoka pande zote mbili. Mtu anaponunua pawa saplai mpya, hushawishika kuacha kebo za zamani mahali pake, zikiwa zimepangwa vizuri nyuma ya mazabodi, na kuunganisha tu kisanduku kipya. Plagi huingia bila shida yoyote. Lakini mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hauna kanuni moja inayowabana watengenezaji wote, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kuwa na mipangilio tofauti kati ya toleo moja na jingine. Matokeo yake ni kwamba volti 12 zinaweza kufika pale diski inapotarajia volti 5, na diski ikaungua papo hapo pamoja na kila kilichohifadhiwa ndani yake. Ukibadilisha pawa saplai, toa kebo zote za zamani na uweke zile zilizokuja na mpya, hata kama kazi hiyo itakuchukua saa nzima.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kuchanganya plagi ya prosesa na plagi ya kadi ya michoro, kwa sababu zote mbili zina pini 8. Ile ya prosesa kwa kawaida hugawanyika katika vipande viwili vya pini 4, na ile ya kadi ya michoro hugawanyika kuwa 6 na 2. Umbo la pini zake ni tofauti, na ukiona unalazimika kutumia nguvu nyingi, umekosea plagi.

Inawaka kidogo kisha inazima

Ikiwa ulitoa mazabodi kwenye kasha, kwanza fikiria shoti. Mazabodi hukaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba vinavyoizuia isigusane na chuma cha kasha, na kinguzo kimoja kilichobaki mahali ambapo mazabodi mpya haina tundu kinatosha kupiga shoti. Skrubu iliyoanguka nyuma hufanya vilevile. Inamisha kasha polepole na usikilize kama kuna kitu kinachobingirika.

Ikiwa kilichoongezwa ni kadi ya michoro, piga hesabu ya umeme. Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 hutoa wati 75, na plagi ya pini 8 hutoa wati 150. Kadi yenye plagi mbili za pini 8 inaweza basi kufikia wati 375 kwa kipimo cha kanuni, na juu yake kuna prosesa, diski na feni. Pawa saplai iliyotosha kadi ya zamani inaweza kushindwa hapo, ingawa mara nyingi kushindwa huko huonekana pale mchezo au kazi nzito inapoanza kuliko wakati wa kuwasha. Kadi nyingi hukataa kutoa picha zikiwa hazijaunganishwa umeme wake wa ziada. Tumia kebo mbili tofauti kwa plagi mbili, badala ya kebo moja yenye vichwa viwili. Kadi zinazotumia plagi ndogo ya pini 16, inayoweza kubeba hadi wati 600, zinahitaji uangalifu zaidi: plagi isipoingia hadi mwisho hupata joto na kuyeyuka, kwa hiyo hakikisha hakuna mwanya unaoonekana, na usiikunje kebo karibu kabisa na plagi.

Kuna hali moja inayofanana na ugonjwa na si ugonjwa. Kompyuta yenye RAM mpya aina ya DDR5 inaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza, skrini ikiwa nyeusi, na pengine kujizima na kujiwasha yenyewe, wakati mazabodi inajifunza namna ya kuongea na RAM hiyo. Anayeikatizia umeme kila baada ya dakika moja huirudisha mwanzo kila mara. Mimi huiacha robo saa kabla ya kuhukumu.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Tazama kwanza waya wa monita umeingia wapi. Ukiwa umeweka kadi ya michoro, waya unapaswa kuingia kwenye kadi, chini zaidi nyuma ya kasha, wala si kwenye tundu la mazabodi lililotumika zamani. Kinyume chake pia hutokea: aliyeondoa kadi na kutegemea tundu la mazabodi anaweza kuwa na prosesa isiyo na uwezo wa kutoa picha. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina uwezo huo, na vivyo hivyo prosesa nyingi za Ryzen za kabla ya kizazi cha 7000 zisizo na herufi G.

Kisha RAM, ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo inayokwamisha kuliko vyote. Ingiza kipande kimoja tu. Kwenye mazabodi yenye sloti nne, mara nyingi nafasi inayopendekezwa ni ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ingawa kijitabu ndicho chenye neno la mwisho. Linganisha mwanya ulio kwenye ukingo wa RAM na kijiti kilicho ndani ya sloti kabla ya kubana. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini mwanya umewekwa mahali tofauti, na hakuna namna ya kuipachika moja kwenye sloti ya nyingine isipokuwa kwa kuivunja. Bana kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho. Mara nyingi upande mmoja hulia “ka!” na upande wa pili hubaki juu kwa unene wa kucha, na ukitazama kwa juu utaona kila kitu kiko sawa. Inama, tazama kwa ubavu: mstari wa dhahabu wa pini unapaswa kuzama wote kwa usawa, ukiuona umejitokeza zaidi upande mmoja, RAM haijaingia.

Kama kompyuta inawaka na kipande kimoja, jaribu cha pili peke yake kwenye sloti ileile, kisha kila kimoja kwenye sloti nyingine. Kwa njia hiyo utatofautisha kipande kibovu na sloti mbovu. Ikiwa kila kipande kinafanya kazi peke yake lakini pamoja vinagoma, huenda ni mchanganyiko wa vipande vya aina tofauti visivyoelewana. Vinunuliwe vikiwa seti moja. Mafundi wengi husugua pini za RAM kwa raba ya penseli. Njia hiyo husaidia mara nyingine, lakini raba huacha chembe na huzalisha umeme tuli, kwa hiyo mimi huchagua kitambaa laini chenye alkoholi safi ya kusafishia vifaa vya umeme.

Mazabodi nyingi za kisasa zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, ambazo huwaka moja baada ya nyingine kadiri ukaguzi unavyoendelea. Taa inayobaki ikiwaka ndiyo inayoonyesha mahali mashine ilipokwama: prosesa, RAM, kadi ya michoro au diski, kwa mpangilio huo. Mazabodi nyingine hutoa milio kupitia spika ndogo. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo hesabu milio mirefu na mifupi na ulinganishe na kijitabu chako.

Usishangae taa ya DRAM ikikataa kuzimika hata baada ya kubadilisha RAM zote. Kinachoisimamia RAM katika kompyuta za sasa kimo ndani ya prosesa, hivyo prosesa isiyokaa sawa, pini iliyopinda kwenye soketi, au kipozeo kilichokazwa zaidi upande mmoja, huweza kujionyesha kama ugonjwa wa RAM. Toa prosesa, tazama soketi kwa tochi kutoka pembe mbalimbali: pini zote zinapaswa kuakisi mwanga kwa mpangilio mmoja, na iliyopinda huonekana kama doa katika safu. Kwenye soketi ya AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na kipozeo kikivutwa kwa nguvu wakati grisi yake imekauka, prosesa hung’oka pamoja nacho. Kizungushe kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

Prosesa mpya na BIOS ya zamani

Kuingia kwenye soketi si uthibitisho kwamba prosesa itafanya kazi. Mfano mzuri ni soketi ya LGA 1151 ya Intel: prosesa za kizazi cha 8, zilizotoka kwa kompyuta za mezani mwaka 2017, zinaingia kwenye mazabodi za mfululizo wa 100 na 200 zenye soketi ya jina hilohilo, lakini hazikutengenezwa kufanya kazi humo, zinahitaji mazabodi za mfululizo wa 300. Upande wa AMD, soketi ya AM4 ilipokea vizazi vingi vya Ryzen, lakini mazabodi ya zamani yenye BIOS ya zamani haiitambui prosesa ya kizazi cha 5000, kilichoanza kuuzwa mwaka 2020, mpaka BIOS isasishwe.

Nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, na usome ni toleo gani la BIOS linalohitajika. Njia rahisi ni kurudisha prosesa ya zamani, kusasisha BIOS, kisha kuweka mpya. Baadhi ya mazabodi zina kitufe nyuma kinachosasisha BIOS kutoka kwenye flashi hata bila prosesa. Kwa kawaida flashi hiyo huandaliwa kwa mfumo wa FAT32, na faili hupewa jina linalotajwa kwenye kijitabu. Umeme usikatike wakati wa kazi hii, maana BIOS iliyoandikwa nusu inaweza kuifanya mazabodi isiamke tena.

Kama prosesa inakubalika, rudisha mipangilio ya BIOS kwenye hali ya kiwandani. Zima umeme, chomoa waya, kisha toa ile betri ya mviringo ya volti 3 iitwayo CR2032 kwa dakika kumi, au gusisha pini mbili zilizotajwa kwenye kijitabu kwa kazi hiyo. Hatua hii huondoa kasi ya RAM iliyopandishwa zamani ambayo vifaa vipya haviwezi kuihimili. Tarehe na saa hupotea, na namna ambayo diski inasomwa inaweza kubadilika pia, jambo linaloweza kuizuia Windows kuanza. Kama ulikuwa unatumia RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja) au mpangilio mwingine usio wa kawaida, urudishe kabla ya kuilaumu diski.

Picha ipo, mfumo endeshi haupatikani

Ingia kwenye BIOS na utazame kama diski inaonekana. Isipoonekana, kagua kebo zake mbili, ya data na ya umeme. Diski ndogo za M.2 zina mtego wake: baadhi hutumia njia ya SATA na nyingine NVMe, na sloti nyingine hukubali aina moja tu. Kwenye mazabodi nyingi, ukijaza sloti fulani ya M.2, matundu mawili ya SATA huzimwa, na diski ya zamani iliyokuwa humo hupotea ghafla ingawa ni nzima. Ihamishie tundu jingine.

Ikiwa diski inaonekana lakini haianzi, tazama mpangilio wa kuanzia na uweke diski yenye Windows kwanza. Ikiwa uliinakili diski ya zamani kwenda mpya, kumbuka kwamba diski iliyogawanywa kwa mtindo wa MBR huhitaji njia ya zamani ya kuanza, na ya GPT huhitaji njia mpya iitwayo UEFI. Kadi mpya au BIOS mpya inaweza kuwa imezima njia ya zamani.

Baada ya kubadilisha prosesa ya AMD, baadhi ya mazabodi huuliza kama ufute kumbukumbu za usalama zinazoitwa fTPM, na kukutaka ubonyeze Y au N. Usibonyeze Y kwa haraka. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data za diski, utahitaji ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, ambao kwa kompyuta nyingi za nyumbani umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Utafute ufunguo huo kupitia simu na uuandike kwanza.

Kama hakuna kilichosaidia

Toa kila kitu. Weka mazabodi juu ya kasha lake la karatasi ngumu, ikiwa na prosesa, kipozeo na feni yake, kipande kimoja cha RAM, plagi ya pini 24 na ile ya prosesa. Kadi ya michoro iwepo tu ikiwa prosesa haitoi picha. Iwashe kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka hapo na ilikuwa imegoma ndani ya kasha, ama ilikuwa inapiga shoti, ama kimojawapo cha vifaa ulivyovitoa ndicho chenye tatizo. Ongeza kifaa kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa kila mara, mpaka ufike kwenye kile kinachoiangusha. Ikigoma hata hapo, zimebaki pawa saplai, mazabodi, prosesa na RAM, na ili kuendelea unahitaji vifaa vya kuazima vinavyojulikana kuwa vizima. Huo ndio wakati wa kwenda kwa fundi, ukiwa na karatasi yako ya yale uliyojaribu. Itamwokolea saa nyingi.

Kwa laptop, chomoa betri ya ndani kabla ya kugusa RAM, ingiza RAM kwa kuiinamisha kisha uilaze hadi klipu mbili za pembeni zishike, na ukague utepe mwembamba wa kibodi kama uliufungua. Baadhi ya laptop zilizochomolewa betri haziamki kwa kitufe mpaka zichomekwe chaja kwanza.

Kompyuta ikishawaka, usifunge kasha siku hiyohiyo. Hakikisha BIOS inahesabu RAM yote uliyoweka na kwamba joto la prosesa halipandi haraka ukiwa kwenye ukurasa wa mipangilio, kwani likipanda hivyo kipozeo hakijakaa au karatasi ya plastiki ya chini yake haijabanduliwa. Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha; hata kosa moja linatosha kuikataa RAM. Baada ya hapo ndipo upandishe kasi ya RAM, uipe kadi ya michoro kazi nzito kwa saa moja, na uendelee kukihifadhi kifaa cha zamani ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli hadi muda wa kurudisha kile kipya dukani upite.